Madoa meupe ya kaboneti kwenye elastoma: tatizo ni skrubu au ni mahali pa kulishia?

Mkanda40

Wakuu, naomba mnipitie mpangilio huu wa skrubu.

Mashine ni ekstruda ya skrubu pacha zinazozunguka upande mmoja. Kipenyo (D) ni mm 40, urefu 44D, yaani mara 44 ya kipenyo, uwiano wa kipenyo cha nje kwa cha ndani 1.55, mota kW 60 kwenye mizunguko 600 kwa dakika. Mchanganyiko kwa sehemu: elastoma ya ethilini-okteni 70, EPDM (mpira wa ethilini-propilini-dieni) ya punje 30, mafuta ya parafini 30, kalsiamu kaboneti iliyosagwa na kupakwa asidi steariki 110, ukubwa wa kati wa chembe mikroni 2. Kijazo, yaani hiyo kaboneti, ni kama 46% ya uzito wote.

Skrubu ilivyo sasa, kuanzia mdomo wa kulishia:

0–8D: vipande vya kusafirisha, hatua ya uzi mm 60, kisha mm 40
8–12D: kuyeyusha. Diski za kukandia 45/5/40 mbili, 90/5/40 moja, kipande cha kurudisha nyuma
13D: mafuta yote, sehemu 30
16D: fida ya pembeni, kaboneti yote
18–28D: 45/5/40 mbili, 60/5/40 moja, 90/5/40 mbili, kipande cha kurudisha nyuma
32D: vakyumu
36–40D: 90/5/40 mbili na kipande cha kurudisha nyuma
44D: dai (mdomo wa kutokea polima)

Silinda zimewekwa 170 °C zote baada ya kulishia. Mizunguko 400, uzalishaji kg 80 kwa saa, torki 60%.

Kinachotokea: ukikata uzi wa polima uliotoka kwenye dai unaona madoa meupe ya mikroni 50 hadi 200, mengine bapa kama magamba. Joto la polima kwenye dai, kwa kipimajoto kilichochomekwa ndani ya mkondo wenyewe, ni 235 °C. Ukipita kg 80, fida ya pembeni inarudisha poda juu na vumbi linatoka. Nimeshauriwa kuongeza diski za kukandia kati ya 28D na 32D. Je, ndiyo dawa?

---

Mnato_Mkubwa

Usiongeze diski hata moja kwanza. Ulizonazo zinatosha, ila zimekaa vibaya na unaziendesha kwenye polima iliyolainishwa kupita kiasi.

Anza na mafuta. Bonge la kijazo linavunjika pale tu mkazo wa polima inayolizunguka unapozidi nguvu inayoshikanisha chembe zake. Mkazo huo ni mnato mara kasi ya mkato. Kasi ya mkato unaipata kwa mizunguko na kwa mwanya, mnato unaupata kwa polima yenyewe. Wewe umemwaga mafuta yote 13D, yaani kabla ya kaboneti kuingia 16D. Kwa hiyo katika diski zote za kukandia za 18–28D, polima iko kwenye mnato wake wa chini kabisa na mafuta ambayo hayajazama vizuri yanaifanya iteleze ukutani. Diski zinazunguka, joto linapanda, ila mabonge yanaogelea tu.

Gawa mafuta. Sehemu 10 ziingie mapema, karibu 12D, ili polima ipate kulowanisha poda na torki isiruke ghafla. Sehemu 20 ziingie baada ya kazi nzito ya kuvunja, karibu 29D. Usiyaondoe yote kwenye nafasi ya kwanza. Polima kavu yenye kijazo 46% inaweza kukukwamisha mashine, na mnato mkubwa mno unapunguza kasi ya polima kuingia kwenye vinyweleo vya bonge.

Pili, hayo magamba bapa. Bonge lisilovunjika huwa duara au halina umbo. Kitu bapa kimetengenezwa ndani ya mashine. Poda kavu imeingia 16D, na 2D tu baadaye imekutana na diski za upana wa mm 8, na mbele yao vipande visivyosukuma na kipande cha kurudisha nyuma vinavyoijaza sehemu hiyo. Poda ambayo bado haijalowana inashikwa kati ya ncha ya diski na ukuta wa silinda, inabanwa, inakuwa kigae kigumu. Kigae hicho ni kigumu kuliko bonge lililotoka mfukoni, na skrubu yako haina mkazo wa kukivunja tena. Ukiongeza diski 28D utakuwa unapasha moto vigae.

Kwa hiyo kazi ipangwe kwa zamu: lowanisha kwanza, vunja baadaye, tawanya mwisho.

Kulowanisha kunataka diski nyembamba. Kwa wanaosoma na hawajazoea namba hizi: 45/5/40 ni pembe ya digrii 45 kati ya diski na diski, diski tano, urefu mm 40, hivyo kila diski ina mm 8. Kwenye mashine ya mm 40, diski ya mm 4 (45/5/20) ni nyembamba. Polima ina njia nyingi za kupita pembeni yake, inakatwa na kuunganishwa upya mara nyingi, na kinachobanwa kwenye ncha ni kidogo. Diski ya mm 12 (45/5/60) ni pana. Inafanya mlango unaokwenda ukisinyaa, polima inalazimishwa kupita mwanya wa ncha na kuvutwa, na hapo ndipo mabonge huvunjika. Pembe nayo ina kazi yake: digrii 30 inasukuma mbele vizuri, 60 inasukuma kidogo, 90 haisukumi kabisa, kwa hiyo 90 inajaa hadi nyuma yake na kukaa na polima muda mrefu. Umeweka 90 mbili na kurudisha nyuma mara tu baada ya kijazo. Hiyo ni presha na joto mahali ambapo hewa ya poda ndiyo inatafuta pa kutokea.

Kuhusu hewa nitaacha kidogo kwa wengine, ila piga hesabu hii. Kg 80 kwa saa zina kaboneti kg 36.7. Poda laini ikiwa haijashindiliwa ina msongamano wa kama kg 550 kwa mita ya ujazo, basi ni lita 67 kwa saa. Kaboneti yenyewe, kwa msongamano wa 2.7, ni lita 13.6. Zilizobaki, lita 53 hivi kila saa, ni hewa. Inakwenda wapi? Mbele kumefungwa na diski zilizojaa. Inarudi kwenye fida ya pembeni na kuivimbisha poda, ndiyo maana kg 80 ndiyo dari yako. Fungua tundu la hewa lisilo na vakyumu kwenye 14–15D, nyuma ya fida, na weka uzi wa hatua mm 60 kuanzia 14D hadi 21D ili skrubu iwe na nafasi tupu. Skrubu za fida ya pembeni zizunguke haraka, zisijae, na sehemu yake inayogusa silinda ipozwe kwa maji ili poda yenye asidi steariki isigande.

---

kW_kwa_kilo

Naongezea upande wa nishati, maana 235 °C kwa silinda za 170 inaeleza mengi.

Nishati mahususi: 60 × (400/600) × 0.60 × 0.95 (ufanisi wa giaboksi) = kW 22.8. Gawanya kwa kg 80 unapata 0.285 kWh kwa kilo. (Kwanza hakikisha torki ya mashine ikizunguka tupu umeshaitoa kwenye hiyo 60%.) Hiyo ni sawa na kJ 1,026 kwa kila kilo. Mchanganyiko wako una joto mahususi la karibu kJ 1.6 kwa kilo kwa digrii, kwa hiyo kutoka 25 °C hadi 235 °C unahitaji kJ 336, na kuyeyusha fuwele chache za elastoma ni kidogo juu yake. Yaani zaidi ya nusu ya nishati ya mota inatolewa na maji ya kupoza silinda, kama kW 14. Bila shaka vali zako za maji zimefunguka muda wote.

Wengi wakiona hivyo hushusha silinda hadi 130. Kwa elastoma zenye kijazo nusu, faida yake ni ndogo. Mpira hupitisha joto vibaya, karibu W 0.2 kwa mita kwa digrii, na kijazo kinaongeza kidogo tu. Unapoza ngozi inayogusa ukuta, mnato wake unapanda, torki inapanda nayo, na katikati ya mkondo kunabaki kulekule. Zaidi ya hapo, ngozi ngumu upande mmoja na kiini laini upande mwingine hazichanganyiki vizuri.

Punguza mizunguko. Hapa ndipo elastoma zinapokuwa rafiki, kwa sababu mnato wake unashuka kadiri kasi ya mkato inavyopanda. Mkazo hufuata kasi ya mkato ikipandishwa kwa kipeo fulani; chukua 0.35, thamani ya kawaida kwa polima ya aina hii. Ukitoka 400 hadi 300, kasi ya mkato inashuka 25%. Mkazo unashuka kwa 0.75 kipeo 0.35, yaani 10% tu. Joto linalozalishwa linashuka kwa 0.75 kipeo 1.35, yaani 32%. Umepoteza sehemu ya kumi ya nguvu ya kuvunja na kuokoa theluthi ya moto, na huo moto uliookoka unarudisha mnato juu. Mara nyingi mkazo halisi unaishia kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa kwenye 400.

Halafu panda uzalishaji. Kg 80 kwa mizunguko 400 ni kilo 0.2 kwa kila mzunguko kwa dakika. Nenda 100 kwa 300, inakuwa 0.33. Skrubu inajaa zaidi, muda wa kukaa ndani unapungua, na kila kilo inapata nishati kidogo zaidi. Hata torki ikipanda hadi 75%: 60 × 0.5 × 0.75 × 0.95 / 100 = 0.214 kWh kwa kilo. Hiyo ni robo chini. Ila haitawezekana kabla hujatatua hewa kwenye fida, kwa hiyo fuata mpangilio wa Mnato: tundu kwanza, mizunguko baadaye.

Zile diski za 36–40D, toa zote. Ziko baada ya vakyumu, kijazo kimeshafanyiwa kila kitu, na zinaweka polima kwenye presha na moto sentimita chache kabla ya dai. Ningetafuta sehemu kubwa ya hizo digrii 65 za ziada hapo kabla ya kwingine kokote. Weka uzi wa mm 40 kisha mm 30 ili kujenga presha ya dai kwa urefu mfupi.

---

filamu_0.2

Kabla ya kubomoa skrubu, thibitisha kwamba madoa yote ni kaboneti. Una EPDM 30 ndani ya elastoma laini zaidi, na EPDM isiyolainika vizuri inatoa madoa pia. Dawa za hayo mawili hazifanani.

Chukua gramu chache, bana kuwa filamu ya mm 0.2 kwenye presi ya 180 °C, ipoze ikiwa imebanwa. Ivute taratibu mbele ya taa. Doa la kijazo halinyooki: filamu inachanika pembeni yake au kinatokea kiwingu cheupe upande wa mvuto, kwa sababu polima imeachana nacho. Bonge la mpira linanyooka pamoja na filamu, linakuwa kama lenzi, na ukiachia linarudi. Kwa uhakika zaidi, kata doa kwa wembe chini ya hadubini na udondoshee asidi hidrokloriki hafifu. Kaboneti iliyokaa wazi inatoa mapovu papo hapo. Vaa miwani na glavu.

Kama kuna mabonge ya mpira, tatizo lao liko 8–12D, kabla ya kijazo chochote. EPDM yenye mnato mkubwa ndani ya elastoma yenye mnato mdogo haivunjwi na mkato wa kawaida. H. P. Grace, katika kazi yake iliyochapishwa 1982, alionyesha kwamba tone lenye mnato wa zaidi ya takriban mara 4 ya kilicholizunguka halipasuki kwa mkato sahili hata ukiongeza kasi, linazunguka tu. Kwa mkondo unaolivuta na kulirefusha linapasuka. Ndiyo maana diski pana kule mwanzo zina maana zaidi kuliko nyembamba, na ndiyo maana mafuta yasiingie kabla EPDM haijalainika yote: mafuta yanapunguza mnato wa kilicho laini kwanza, na uwiano unazidi kuwa mbaya. Kama una uchaguzi wa gredi, chagua elastoma ya ethilini-okteni ambayo mnato wake kwenye 170 °C unakaribia ule wa EPDM. Inasaidia kuliko skrubu yoyote.

Kuhusu kipimo cha majivu, kwa sababu watu huharibu hesabu hapa: kaboneti ichomwe kwa 550 °C. Ukichoma kwa 900 °C inageuka oksidi ya kalsiamu, dioksidi ya kaboni inaondoka, na inabaki 56% ya uzito wa kaboneti. Utadhani fida inakuibia karibu nusu ya kijazo. Chukua sampuli mfululizo kila sekunde 10. Majivu yakipanda na kushuka kwa zamu, basi kosa ni la fida, na hakuna skrubu itakayolisahihisha, kwa sababu ekstruda ya skrubu pacha inachanganya kwa upana wake na kidogo sana kwa urefu. Kinachoingia sekunde hii hakikutani na kilichoingia dakika iliyopita.

---

mpira_baridi

Nimefuatilia. Naomba niulize kwa upande wa mpira wa kuivishwa kwa salfa. Tuna silika ya kupresipitishwa yenye eneo la uso la m² 160 kwa gramu pamoja na sileni ya TESPT (kiunganishi cha silika na mpira chenye salfa ndani), na pia masizi ya gredi ya N330. Mashine ni ekstruda ya skrubu moja ya kulishwa mpira baridi, 14D, silinda ya pini. Je, kanuni hizi za mafuta na diski zinahamia huko? Pini zinaweza kuvunja silika?

---

Mnato_Mkubwa

@mpira_baridi, kanuni ya mkazo inahamia, ila mashine yako haikujengwa kuvunja kijazo.

Kwenye silinda ya pini, nyuzi za skrubu zina mikato na pini zinaingia humo kutoka ukutani. Kila pini inapasua mkondo na kuugeuza. Matokeo yake ni joto sawa na mchanganyiko sawa kutoka ukingo hadi kiini, jambo zuri sana kwa mpira ambao kiini chake hubaki baridi kwenye skrubu ya kawaida. Huko ni kutawanya. Mkazo unaopatikana pembeni ya pini hautoshi kwa mabonge magumu ya silika ya m² 160, na polima nyingi haipiti kwenye mwanya mwembamba hata mara moja. Kijazo kivunjwe kabla, kwenye mikseri ya ndani au skrubu pacha, na mashine yako ipokee ukanda uliokwisha kuchanganywa.

Ukikosa mtawanyiko kwenye bidhaa, usiizibe dai au kuongeza pini ukitumaini. Pima kabla ya ekstruda. Kwa masizi, kata sehemu safi na uitazame kwa mwanga wa pembeni dhidi ya picha za kulinganishia, kama ISO 11345 inavyoelekeza. Kwa silika, pima jinsi ugumu unavyoshuka ukiongeza mnyumbuliko kutoka chini ya 1% hadi 100% kwenye mpira ambao haujaivishwa. Mshuko mkubwa maana yake chembe za silika bado zimeshikana zenyewe kwa zenyewe.

Masizi: N330 haisumbui sana. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo na muundo wake mfupi, ndivyo inavyokuwa ngumu kutawanya. N550 inatawanyika kirahisi kuliko N330, na N220 inakuwa ngumu zaidi ya zote tatu. Na kumbuka kanuni ya mafuta: masizi yaingie na yavunjwe, mafuta yafuate.

Silika ni habari nyingine kwa sababu kuna kemia ndani. TESPT inataka 140–155 °C ili ishikane na uso wa silika. Ikikaribia 160 °C na kuipita, salfa iliyo ndani yake inaanza kuachiliwa na mpira unaanza kuiva ndani ya mashine. Dirisha ni jembamba, na linataka dakika, si sekunde. Skrubu pacha kwa kasi ya kiwanda huushikilia mkondo kati ya nusu dakika na dakika moja na nusu, kwa hiyo mtu anayetaka kumaliza yote kwa mpito mmoja anajidanganya. Njia zinazofanya kazi ni mbili: silika iliyokwisha kupakwa sileni kutoka kiwandani, au kukamilisha mmenyuko kwenye mikseri ya ndani iliyoshikiliwa kwa joto hilo.

Kuna gesi pia. Silika ya kupresipitishwa inakuja na maji ya kama 4–7%, na kila molekuli ya TESPT ina vikundi sita vya ethoksi vinavyoweza kutoa ethanoli. Uzito wa molekuli ni 539. Sita zote zikitoka ni 276, zaidi ya nusu. Kwa vitendo hazitoki zote, lakini bado ni mvuke mwingi unaowaka moto. Tundu la hewa liwe na feni ya kunyonya, na pasiwe na cheche karibu.

Salfa na vichapuzi viingie mwisho, mpira ukiwa chini ya 110 °C, kwenye roli mbili au hatua ya pekee.

---

Mkanda40

Asanteni sana. Nimefanya kipimo cha filamu: madoa mengi ni kaboneti, hasa yale bapa, na machache yananyooka kama lenzi, kwa hiyo kuna EPDM pia. Majivu ya 550 °C yametulia, fida iko sawa. Mpangilio ninaopendekeza:

0–8D: kusafirisha, mm 60 kisha mm 40
8–11D: kuyeyusha, 45/5/60 moja, 45/5/40 moja, 90/5/20 moja, bila kurudisha nyuma
12D: mafuta, sehemu 10
14–21D: uzi wa mm 60, tundu la hewa 15D, fida ya pembeni 17D
21–23D: 45/5/20 nne
23–24D: kusafirisha mm 40
24–27.5D: 45/5/60 mbili, kisha kurudisha nyuma mm 20
27.5–30D: kusafirisha mm 40, mafuta sehemu 20 kwenye 29D
30–31.5D: 45/5/20 tatu
31.5–38D: kusafirisha mm 60, vakyumu 34D
38–44D: mm 40 kisha mm 30

Mizunguko 300, kuanzia kg 80 kisha kupanda.

---

kW_kwa_kilo

Huu ni mpangilio wa kufanyia kazi. Mambo matatu tu.

Mafuta ya 29D yanaingia kwenye uzi wa kusafirisha ambao haujajaa. Yatamwagika kwenye chuma, polima itateleza juu yake, na utaona presha ya dai ikicheza. Kwenye kg 80 kwa saa hizo sehemu 20 ni kg 6.7 kwa saa, si kidogo. Sogeza diski nyembamba nyuma hadi 29D ili sindano ya mafuta iangukie juu ya diski ya kwanza au ya pili, pale palipojaa, na sindano iwe na vali ya kuzuia mkondo usirudi. Kama bado presha inacheza, gawa 10 na 10 kwenye nafasi mbili.

Kipande cha kurudisha nyuma cha 27D umekiweka vizuri. Pamoja na diski pana kinafunga njia, la sivyo vakyumu ingevuta hewa kutoka kwenye tundu la 15D na kuvuta poda nayo. Ila mm 20 inatosha kabisa. Kirefu zaidi kingekurudishia moto wote tuliouondoa.

Pima mwanya wa ncha ukiwa umefungua. Mashine ya mm 40 ikiwa mpya ina mwanya wa mm 0.3 hivi. Kwa mizunguko 400, kasi ya ncha ni m 0.84 kwa sekunde, kwa hiyo mkato juu ya ncha ni kama 2,800 kwa sekunde, wakati kwenye kina cha mfereji cha mm 7.1 ni 118 tu. Mwanya ukilika hadi mm 0.8, ile 2,800 inashuka hadi 1,050 hivi, na polima inapita kirahisi bila kuvutwa. Diski za 24–27D ndizo zitakazolika kwanza kwa sababu ya kijazo. Kama zimelika, mpangilio mzuri kiasi gani hautakupa matokeo ya karatasi.

---

filamu_0.2

Nyongeza kwenye eneo la kuyeyusha. Kwa kuwa umekuta lenzi, hakikisha diski pana inakuja pale punje za EPDM zimeshapata joto. Diski ya mm 12 ikikutana na punje baridi ya mpira, torki inaruka na shafti zinasukumwa ukutani. Badilisha nafasi zao: 45/5/40 kwanza, 45/5/60 ya pili. Silinda ya tatu na ya nne ziwe 190 °C, kisha urudi 170 kuanzia fida ya pembeni, hata 150 baada ya 24D.

Ukitaka kuona kwa macho mahali kaboneti inapolowana, tumia njia ya kusimamisha ghafla. Mashine ikiwa imetulia, zima mota, fida zote na pampu ya mafuta kwa pamoja, poza silinda hadi karibu 120 °C, kata umeme na ufunge swichi kwa kufuli, kisha toa skrubu polima ikiwa bado inaachia chuma. Elastoma ikiachwa ipoe kabisa utahitaji nguvu ambayo inaweza kuharibu vipande. Kata sampuli kila 2D kuanzia 17D. Ukikuta poda kavu imegandamana kwenye upande wa mbele wa diski za 21–23D, ongeza 45/5/20 moja hapo na upunguze kasi ya kupanda kg. Ukikuta zimelowana lakini vigae vinaanza 24D, fida inaingiza poda nyingi kwa mkupuo mmoja: peleka sehemu 60 kwenye 17D na 50 kwenye fida ya pili mbele, kama silinda yako ina mlango wa kuipokea.